Volkswagen ya zamani inamisi: kusoma dalili za distributa ya Bosch kabla ya kununua vipuri

Volkswagen ya injini ya nyuma ikianza kumisi (kuruka moto na kukosa nguvu sawasawa), mkono wa kwanza huenda kwenye kabureta. Skrubu zinazungushwa, jeti zinapulizwa, na gari linabaki vilevile, kwa sababu tatizo liko sentimita chache pembeni, ndani ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Gari hili lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, likitumia pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili), kondensa (inayomeza umeme pointi zinapofunguka) na rota (kipande kinachozunguka kupeleka moto kwa kila plagi) za aina ileile inayolaumiwa leo kwa kila ubovu. Mfumo ni imara. Kinachousumbua ni kubadilishiwa vipuri kwa kubahatisha.

Maelezo haya ni ya injini za kupozwa kwa hewa za 1200, 1300, 1500 na 1600 zenye pointi. Kabla ya kuuliza kilichoharibika ni kipi, uliza kinasumbua lini: asubuhi ikiwa baridi, baada ya nusu saa barabarani, mvua inaponyesha, ikiwa silensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), au ukipanda mlima. Kila wakati una mshukiwa wake.

Ijue distributa uliyonayo

Namba zimegongwa kwenye mwili wake. Futa grisi uzisome. Yenye 0 231 178 009, ambayo wengi huiita 009 tu, haina kopo la vakumu pembeni. Taimingi yake, yaani wakati plagi inapotoa cheche, inasogezwa na vyuma viwili vya uzito na springi zake, kadiri injini inavyokimbia. Nyingine zina kopo la vakumu lenye mpira mmoja unaokwenda kwenye kabureta, na zile za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zina kopo la mipira miwili.

Jambo hili si la urembo, ndilo linaloamua taimingi. 009 huwekwa nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, na mwendo ukifika kama mizunguko 3,500 kwa dakika isomeke kati ya nyuzi 28 na 32. Ile ya mipira miwili ya 1971 hadi 1973 huwekwa nyuzi 5 baada ya juu, injini ikiwa silensa na mipira ikiwa imechomekwa. Fundi anayeweka nyuzi 7.5 kila Volkswagen anayokutana nayo ndiye anayewaachia wenzake kazi. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti na hapa, na distributa ikawa ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, fuata kitabu.

Mengine hayabadiliki. Mpangilio wa moto ni 1-4-3-2 na rota huzunguka kwa mwendo wa saa. Silinda namba 1 iko kulia mbele, 2 kulia nyuma, 3 kushoto mbele, 4 kushoto nyuma, ukihesabu mbele kuwa upande wa taa kubwa. Kwenye ukingo wa distributa kuna mkato mdogo. Rota ikiuelekea, ni zamu ya namba 1. Mwanya wa pointi ni 0.4 mm, na wa plagi ni 0.6 hadi 0.7 mm.

Haliwaki kabisa, ingawa stata inazungusha vizuri

Tafuta balbu ya volti 12 yenye waya mbili (volti 6 kwa magari ya zamani zaidi). Hiyo inatosha kumaliza nusu ya uchunguzi. Funga waya mmoja kwenye chuma kisafi cha injini.

Washa swichi na gusa koili, inayozalisha moto mkubwa wa plagi, kwenye ncha yenye namba 15. Balbu isipowaka, umeme haujafika kwenye koili: shughulika na swichi na waya wake, uiache distributa. Ikiwaka, hamishia ncha namba 1, ile yenye waya unaokwenda kwenye distributa, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta. Balbu inatakiwa kuwaka na kuzimika kila pointi zinapofunguka na kufunga.

Ikiwaka moja kwa moja bila kuzimika, pointi hazipeleki umeme kwenye chuma. Labda hazifungi, labda zimeungua, labda waya umekatika ndani ya ganda lake ukaonekana mzima kwa nje. Kama pointi ni mpya kutoka dukani, shuku kwanza mafuta ya kuzuia kutu ambayo kiwanda hupaka kwenye nyuso zake. Pitisha katikati kipande cha karatasi safi kilicholowa petroli kidogo, kisha kikavu. Gari nyingi zimevutwa kwa kamba kwa ajili ya mafuta hayo.

Ikiwa imezimika moja kwa moja, ama pointi hazifunguki, ama kuna mahali umeme unavuja kwenda chuma, ama koili imekatika ndani. Chomoa waya wa distributa kwenye ncha namba 1. Balbu ikibaki imezima, koili imekufa. Ikiwaka, kosa liko kwenye distributa. Urudishe waya, fungua skrubu ya kondensa na uiache ining'inie bila kugusa chuma chochote. Balbu ikianza kuwaka na kuzima ukizungusha, kondensa ndiyo iliyokuwa inavujisha. Isipobadilika, angalia pale waya unapopita kwenye mpira wa pembeni mwa distributa na pale unaposhikwa kwenye pointi. Kipande cha plastiki kinachoutenga na mwili kikivunjika au kikisahauliwa wakati wa kubadilisha pointi, hakuna cheche itakayotoka.

Balbu ikicheza vizuri, hamia upande wa moto mkubwa. Chomoa waya wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, ushike kwa koleo lenye mpira, uweke mwisho wake kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta na mabomba ya petroli, na mtu apige stata. Volti zake ni zaidi ya 10,000, kwa hiyo usiushike kwa mkono wenye jasho. Cheche ya bluu inayolia "tap" ni nzuri. Cheche nyembamba ya njano inasema kondensa, pointi au koili ni dhaifu.

Cheche nzuri kwenye waya wa koili lakini hakuna kwenye plagi? Waliobaki ni rota na kifuniko, hasa rota. Umeme unaweza kutoboa plastiki yake na kupitia katikati kwenda kwenye shafti, bila ufa kuonekana. Acha rota mahali pake, weka mwisho wa waya wa koili milimita chache juu ya bati lake la katikati, washa swichi, kisha fungua na kufunga pointi kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Cheche ikiruka kwenda kwenye rota, rota inavuja, itupe. Isiporuka, ni nzima kwa upande huo. Rota nyingi za Bosch zina kizuizi ndani cha kama kiloomu 5, na hicho nacho hukatika. Pima kwa multimita kati ya bati la katikati na ncha ya nje. Ikionyesha hakuna njia kabisa, umempata.

Linawaka asubuhi, linazimika likipata moto, likipoa linawaka tena

Hii ndiyo dalili inayowamaliza watu fedha, kwa sababu gari likifika kwa fundi limeshapoa na kila kitu kinapima vizuri. Siri ni kupima dakika ileile linapozimika, kando ya barabara, kabla joto halijatoka.

Washukiwa ni watatu: kondensa, koili, na petroli kugeuka mvuke kwenye bomba. Likizimika, chomoa haraka waya mmoja wa plagi na uangalie cheche. Ikiwa na nguvu, iache distributa na ufuate petroli: pampu iliyopashwa moto, bomba linalopita karibu na ekzosi, tundu la hewa la mfuniko wa tanki lililoziba. Cheche ikiwa dhaifu au haipo, fungua kifuniko, mtu apige stata, na uangalie pointi zenyewe. Cheche ndogo ni ya kawaida. Moto mkubwa wa bluu unaoruka kila zinapofunguka ni kondensa iliyofungua ndani. Haimezi tena umeme unaotaka kuendelea kupita.

Koili nayo hufa kwa joto. Ya volti 12 isiyohitaji kizuizi cha nje husoma takriban oomu 3 hadi 3.5 kati ya ncha 15 na 1. Ipime ikiwa moto kiasi cha kuchoma mkono. Ikiwa namba inarukaruka au inapotea, badilisha. Njia ya mafundi wengi ni kuimwagia maji baridi ikiwa imefungwa vizuri: gari likiwaka papo hapo, koili imejisema. Hakikisha maji hayafiki kwenye kifuniko cha distributa, la sivyo utaanzisha tatizo la pili juu ya la kwanza. Na kuna koili inayouliwa na mwenyewe: swichi ikiachwa imewashwa injini haizunguki, pointi zikiwa zimefunga, umeme hupita bila kukoma mpaka koili inachemka. Kusikiliza redio kwa namna hiyo ni gharama.

Kondensa mpya za bei ya chini zina sifa mbaya, na inastahili. Kondensa ya zamani inayofanya kazi ni bora kuliko mpya usiyoijua. Usiitupe kwa sababu tu umenunua seti nzima. Ukibadilisha, weka mpya, endesha, na ile ya zamani iweke garini pamoja na bisibisi. Ukiwa na chombo cha kupima kapasita, thamani yake iwe karibu na mikrofaradi 0.2.

Linamisi mvua ikinyesha, au alfajiri yenye umande

Fungua kifuniko, kikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na gari likirudi sawa, usifurahi bado. Maji peke yake hayamisishi. Yanahitaji uchafu wa kuyapitishia umeme. Geuza kifuniko kwenye jua na utafute mistari myembamba myeusi, kama ya penseli, inayotoka nguzo moja kwenda nyingine au kwenda ukingoni. Huo ni mkaa uliochomwa na cheche iliyopotea njia, na ukishajichora haufutiki kwa kusugua. Kifuniko hicho kimekwisha. Ukikwangua kwa wembe kitafanya kazi mpaka mvua ijayo.

Angalia pia kipande cha kaboni katikati ya kifuniko. Kinatakiwa kuingia na kutoka kwa springi yake. Kikikwama juu, moto unaruka pengo kufika kwenye rota na kuchoma shimo jeupe. Nguzo nne za pembeni zikiwa na unga wa kijivu, zikwangue kidogo kwa bisibisi, bila kuchimba chuma.

Wanaoishi Tanga, Mombasa, Unguja na pwani nzima wana nyongeza yao, chumvi. Inakaa kwenye waya za plagi na kuota kijani ndani ya vikonyo vyake vya kifuniko. Chomoa waya mmoja mmoja, ukirudisha kabla ya kugusa mwingine ili usivuruge 1-4-3-2, sugua shaba mpaka ing'ae, kisha funika kwa mpira wake. Usiku wa giza, injini ikiwa silensa, zima taa zote na uchungulie: waya zinazovuja zitajionyesha zenyewe kwa vimulimuli vya bluu.

Baadhi ya distributa zina kisahani cha plastiki chini ya rota, cha kuzuia unyevu na vumbi lisifike kwenye pointi. Watu hukitupa kwa kuwa kinachelewesha kazi. Kirudishe.

Linamisi likiwa silensa, likikimbia linatulia

Hapa usianze na umeme. Tepa zilizokaza na hewa inayoingia chini ya kabureta huleta dalili hii hii, kwa hiyo hakikisha tepa, yaani mwanya wa valvu, kwanza (0.15 mm kwa 1600, injini baridi) na nyunyizia kidogo mafuta mepesi kuzunguka maungio ya manifoldi ya kuingiza, injini ikiwa bado haijapata moto. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo.

Vyote vikiwa sawa, toa rota, shika shafti ya distributa kwa vidole viwili na uitikise kushoto na kulia. Isicheze. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa jicho, bushi zimelika, na pointi haziwezi kukaa kwenye mwanya mmoja: silinda moja itapata 0.4 mm, nyingine 0.3, nyingine 0.5, na kila moja itawaka kwa wakati wake. Pima mwanya kwenye pembe zote nne za kamu, sehemu ya shafti inayofungua pointi, au tazama alama ya puli kwa taa ya taimingi. Ikicheza badala ya kusimama, jibu umelipata. Kuongeza silensa kwa skrubu ya kabureta huficha ugonjwa tu. Karakana yenye mashine ya kukereza inaweza kutengeneza bushi mpya za shaba, ingawa kwa 009 mara nyingi distributa nzima inakuwa nafuu kuliko kazi hiyo.

Kwenye distributa za vakumu, bati linalobeba pointi hujizungusha, na limeunganishwa na mwili kwa kiwaya chembamba laini. Kikikatika, umeme unatafuta njia kupitia mafuta na kutu, na gari linamisi bila mpangilio. Ukiweka waya wa kawaida mgumu badala yake, bati halitajongea. Tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba.

Halina nguvu, linakula mafuta, au linagonga mlimani

Taimingi iliyochelewa hulifanya gari liwe zito, ekzosi ikipata moto na kulipuka ukiachia mafuta. Iliyowahi mno humfanya stata agome injini ikiwa moto, kisha mlimani utasikia mlio wa kugonga kama kokoto ndani ya kopo. Huo usiuzoee. Injini hii haina maji ya kuipoza. Ikigonga kwa muda hutoboa pistoni au kulegeza vichwa.

Sababu ya kawaida ya kuchelewa ni kipande cha plastiki cha pointi kinachosugua kamu. Kikilika, mwanya unapungua, na mwanya ukipungua taimingi inarudi nyuma bila mtu kugusa klampu. Ndiyo maana pointi huwekwa kwanza, taimingi baadaye. Ukifanya kinyume, utaharibu ya kwanza kwa kurekebisha ya pili.

Kama taimingi ni sahihi ikiwa silensa lakini gari halina mbio, angalia kama inasogea. Kwenye 009 shika rota, izungushe kwa mwendo wa saa: iende nyuzi chache kisha irudi yenyewe kwa nguvu ukiiachia. Ikirudi kwa uvivu au isirudi, grisi imekauka kwenye vyuma vya uzito, au springi imekatika. Toa distributa, osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone moja moja la mafuta mepesi kwenye egemeo. Kwenye ya vakumu, chomoa mpira upande wa kabureta na uvute hewa kwa mdomo: bati la pointi lijongee na libaki hapo ukiziba mpira kwa ulimi. Lisipobaki, kiwambo kimetoboka.

Kuna kasoro moja ya 009 ambayo si ubovu. Ukikanyaga mafuta ghafla kutoka silensa, gari linasita kidogo kisha linaondoka. Halina vakumu ya kuisogeza taimingi mapema. Dawa ni kurekebisha pampu ya kabureta itoe petroli zaidi wakati wa kukanyaga, au kurudi kwenye distributa ya vakumu inayolingana na kabureta yako. Wengi huliziba pengo hilo kwa kuwahisha taimingi, na jumla ikifika juu ya nyuzi 32 kwenye mwendo, kugonga kunaanza. Kwa gari la mizunguko ya mjini, ya vakumu ni bora. 009 imependwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana na ina vitu vichache vya kuharibika.

Kuweka pointi na taimingi

Injini iwe baridi. Zungusha mpaka kipande cha plastiki cha pointi kikae juu kabisa ya pembe ya kamu. Legeza kidogo skrubu inayoshika pointi, ingiza bisibisi kwenye mkato wa pembeni na uzungushe mpaka fila (bati jembamba la kupimia mwanya) ya 0.4 mm ipite kwa kugusa, bila kusukuma. Kaza, kisha pima tena, maana kukaza huvuta. Fila iwe safi; mafuta yake yakibaki kwenye nyuso, pointi zitaungua.

Paka kamu grisi ngumu ya distributa, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Usitumie ya fani, inayeyuka na kurushwa kwenye pointi. Mstari mweusi chini ya pointi ni alama ya grisi iliyozidi.

Ukiwa na multimita inayopima asilimia, ifunge kwenye ncha namba 1 na injini iwe silensa. Pointi zinatakiwa kubaki zimefunga kwa nyuzi 44 hadi 50 kati ya 90 za kila silinda, sawa na asilimia 49 hadi 56. Mita zinazohesabu muda wa kufunguka zitasoma 44 hadi 51. Kwa pointi zilizokwisha kutumika kipimo hiki kinaaminika kuliko fila, kwa sababu fila hupita juu ya kilima kilichoota na haijui shimo lililo mbele yake.

Sasa taimingi. Puli za Volkswagen zina mkato mmoja, miwili au mitatu kutegemea mwaka, na nyingi zimeshabadilishwa. Kama huiamini, tengeneza kizuizi kwa ganda la plagi mbovu lenye bolti ndefu katikati, kichomeke silinda namba 1, na uzungushe injini taratibu kwa mkono mpaka pistoni iguse. Weka alama kwenye puli palipo na mshono wa injini. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya hizo mbili, kwa upande mfupi, ndipo pistoni inapokuwa juu kabisa. Toa kizuizi. Pima mzunguko wa puli kwa utepe, gawanya kwa 360, zidisha kwa 7.5. Puli ya mzunguko wa 550 mm inatoa kama milimita 11.5, weka alama hiyo kulia kwa ile ya juu. Ongeza na ya nyuzi 32, kama milimita 49, itakufaa kwa taa ya taimingi.

Zungusha puli kwa mwendo wa saa mpaka alama ya 7.5 ifike kwenye mshono huku rota ikielekea mkato wa namba 1. Rota ikielekea upande wa pili, zungusha duru moja zaidi. Ukipita alama, usirudi nyuma kidogo tu. Rudi robo duru kisha uje tena mbele, ili ulegevu wa gia usikudanganye. Legeza klampu ya distributa, funga balbu kati ya ncha namba 1 na chuma, washa swichi. Zungusha mwili wa distributa kwa mwendo wa saa mpaka balbu izime, kisha kinyume polepole. Pale inapowaka tu, simama na ukaze. Kuzungusha kinyume cha saa huwahisha, kwa mwendo wa saa huchelewesha.

Kwa taa ya taimingi, tumia waya wa namba 1. Distributa kadhaa za zamani ziliundwa zikichelewesha kidogo silinda namba 3, ambayo hupata joto zaidi kwa kuwa kipozeo cha oili kiko mbele yake. Ukipima namba 3 ukaona tofauti ya nyuzi chache, usianze kutafuta kamu iliyolika.

Pointi mpya zinaungua upesi

Pima volti kati ya ncha namba 1 na chuma, swichi ikiwashwa na pointi zikiwa zimefunga. Isizidi takriban 0.3. Ikizidi, nyuso ni chafu au bati halijashika chuma vizuri. Ikiwa sawa na bado zinaungua, angalia koili: zile zilizoundwa kutumia kizuizi cha nje husoma kama oomu 1.5, na zikifungwa bila kizuizi hupitisha umeme maradufu. Kilima upande mmoja na shimo upande wa pili ni dalili ya kondensa yenye thamani isiyolingana. Ukilazimika kuzisafisha njiani, tumia tupa nyembamba. Chembe za msasa hunasa kwenye chuma na kuanzisha kuungua upya.

Kuitoa distributa

Fungua nati ya 13 inayoshika klampu kwenye injini, na uiache bolti inayobana shingo ya distributa. Hivyo itarudi na taimingi yake ileile. Meno mawili ya chini hayako katikati, kwa hiyo haiwezi kuingia kinyume. Ikigoma kuzama, zungusha rota taratibu mpaka iingie yenyewe, usiigonge.

Taimingi isipofikika hata ukizungusha distributa yote, shafti ndogo iliyo chini yake, inayoendeshwa na gia ya krenki, iliwekwa vibaya. Silinda namba 1 ikiwa juu kwenye zamu ya moto, mkato wake uwe karibu pembe mraba na mshono wa injini, na sehemu nyembamba ielekee puli. Kabla ya kuivuta, toa kwanza springi iliyo juu yake kwa sumaku, kwani ikidondoka ndani utaifungua injini. Chini ya shafti hiyo kuna washa mbili ambazo hazionekani kutoka juu. Zikihama, shafti haitakaa. Zirudishe kwa kuzitelezesha juu ya fimbo nyembamba iliyosimamishwa katikati ya tundu, moja moja, na uhakikishe kwa tochi kwamba zote mbili zimelala kabla ya kuingiza chochote.